Mchungaji Asiye na Mchungaji

Septemba 1929 daktari mmoja Mwingereza, mwenye umri wa miaka 30 hivi, aliingia Kampala akiwa amekwisha kabisa. Jina lake John Edward Church, ingawa wenzake walizoea kumwita Joe. Kazi yake ilikuwa Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika hospitali ya misheni iliyojengwa kilimani juu ya Ziwa Muhazi. Alikuwa amefika pale mwaka uliotangulia, na hakupata hata muda wa kuzoea, maana njaa kubwa ambayo Wanyarwanda waliipa jina la Rwakayihura ilikuwa imeanza kuua. Watu walihama makwao wakashika njia ya kwenda Uganda kutafuta chakula, na wengi hawakufika. Hospitali ikajaa watu ambao ugonjwa wao ulikuwa njaa. Church alitibu, akahangaikia chakula, akahubiri, na ndani ya hekaheka hiyo akaona jambo lililomuumiza kuliko uchovu wenyewe: watu walikuwa wakibatizwa na kuandikwa kwenye daftari la kanisa, kisha wakaendelea kuishi vilevile, na yeye aliyetumwa kuwaongoza hakuwa na cha kuwapa zaidi ya hapo. Rohoni alikuwa amekauka.

Alikwenda Kampala kupumzika. Jumapili, kwenye kilima cha Namirembe penye kanisa kuu la Waanglikana, alimkuta Mganda mmoja amesimama kando ya pikipiki yake. Huyo alikuwa Simeoni Nsibambi, mtumishi katika idara ya afya ya serikali ya Buganda, muumini asiye na daraja lolote la uchungaji. Walikuwa wamewahi kuonana kabla ya hapo. Walipoanza kuzungumza wakagundua kwamba wote wawili walikuwa na njaa moja: walimjua Kristo, walimtumikia, na bado walihisi kuna ujazo ambao hawajaupata. Basi wakakaa pamoja siku mbili. Walifungua Biblia, wakafuatilia mstari kwa mstari yaliyoandikwa kuhusu Roho Mtakatifu, wakapiga magoti wakaomba. Church akarudi Gahini akiwa mtu mwingine, na Nsibambi baadaye akaacha kazi ya serikali ili ahubiri.

Walokole wa Tanzania, Kenya na Uganda wanalijua simulizi hili, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoanzia kueleza Uamsho wa Afrika Mashariki. Mimi nalisoma kwanza kwa jicho jingine. Kabla halijawa simulizi la uamsho, ni simulizi la kiongozi wa Kikristo aliyeishiwa, na la mtu aliyemsaidia. Tazama nani alimsaidia nani. Mwaka 1929, katika Afrika ya wakoloni, mmisionari mweupe ndiye aliyekuwa mtoaji na Mwafrika ndiye aliyekuwa mpokeaji. Hivyo ndivyo shule, zahanati na kanisa vilivyopangwa. Church angeweza kutafuta msaada kwa askofu, au kwa wamisionari wenzake, au kwa barua kwenda Uingereza. Badala yake alikaa chini na mtu ambaye, kwa mpangilio wa siku zile, alipaswa kuwa mwanafunzi wake, akakubali kuhudumiwa. Naamini uponyaji wake ulianzia katika kukubali huko. Na naamini kiongozi wa kanisa aliyechoka leo, awe askofu, mwinjilisti, mama wa umoja wa wanawake au mwenyekiti wa kwaya, hatapona mpaka naye apate mtu wa kukaa mbele yake bila cheo.

Tuutazame kwanza uchovu wenyewe, maana si kila anayesema amechoka yuko mahali hapo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi kuwa hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa, na likasema wazi kwamba hali hiyo yenyewe haihesabiwi kuwa ugonjwa. Likataja dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kuona kwamba anachofanya hakifai tena. Dalili ya kwanza mchungaji huitambua upesi, na huifurahia kidogo, kwa sababu kuchoka kwa ajili ya Bwana kuna heshima yake. Ya pili ndiyo inayomtisha. Simu inaita, anaona jina la muumini ambaye amemlea tangu kipaimara, na kinachompanda moyoni ni hasira. Anasimama makaburini akisoma taratibu za maziko huku akili yake iko kwenye kikao cha saa kumi. Mjane analia mbele yake naye anajiona ametulia kupita kiasi, kama mtu anayetazama kwa mbali.

Halafu kuna jambo ambalo Shirika la Afya haliwezi kuliandika, kwa sababu ni la huduma yetu peke yake: mdomo wa mhubiri huendelea kufanya kazi hata moyo ukiwa umesimama. Miaka ya kuhubiri humpa mtu ufundi. Anajua wapi apandishe sauti, wapi anyamaze, wimbo gani uinuliwe baada ya hapo. Waumini watatoka wakisema leo tumebarikiwa, na watakuwa wanasema kweli, maana Neno lina nguvu yake lenyewe. Yeye atarudi nyumbani, atavua kola, atakaa kwenye kiti akijua kwamba hakuwepo. Huo ni upweke mkali sana. Muuza duka akichoka, bidhaa zinapungua rafuni na kila mtu anaona. Mchungaji anaweza kukaa miaka akiwa mtupu na ibada zikaendelea kujaa.

Wiki yake nani hajaiona? Kuna msiba ambao familia inataka mchungaji mwenyewe, wala si mwinjilisti. Kuna kamati ya ujenzi ambayo mabati yake hayajalipiwa. Kuna ndoa inayovunjika, na wahusika wamepata nafasi saa nne usiku. Kuna mkesha wa Ijumaa, arusi ya Jumamosi ambayo msafara umechelewa saa tatu, na Jumapili ibada mbili, baada yake mnada wa mavuno, baada yake kikao cha wazee. Kundi la WhatsApp la usharika halilali. Na pale ambapo mshahara hautoshi, mchungaji huyohuyo ana shamba, ana kuku, au anafundisha shule mchana. Akiomba likizo, wengine watashangaa: kwani yeye anafanya kazi Jumapili tu, anachoka nini?

Tumezoea kumjibu mtu huyu kwa namna moja. Tunamwambia amepungukiwa na maombi. Afunge, apande mlima wa maombi, ahudhurie semina ya watumishi, apate upako mpya. Sisemi kufunga ni kubaya. Mimi mwenyewe naamini hakuna mtumishi anayedumu bila kufunga na kuomba. Nasema kwamba kwa mtu aliyekwisha nguvu dawa hiyo mara nyingi huongeza mzigo, kwa sababu inamwagiza afanye zaidi ya kilekile ambacho hana tena uwezo wa kukifanya, na akishindwa anapata hatia juu ya uchovu.

Biblia ina mgonjwa wa namna hii, na inaeleza jinsi Mungu mwenyewe alivyomshughulikia. Eliya, katika sura ya 19 ya kitabu cha Kwanza cha Wafalme, alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa kuliko yote ya huduma yake. Moto ulishuka Karmeli, manabii wa Baali wakashindwa, mvua ikanyesha baada ya ukame mrefu. Kisha Yezebeli akatuma ujumbe wa kumtishia maisha, na mtu aliyesimama mbele ya manabii 450 akakimbia. Alifika Beer-sheba, mpakani kabisa mwa nchi, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu akaomba afe.

Fuata anachofanya Mungu, kwa mpangilio wake. Hakumkemea. Hakumuuliza imani ya Karmeli imekwenda wapi. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na alipoamka palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akamgusa mara ya pili na kumlisha tena, akimweleza kwamba safari iliyo mbele yake ni kubwa kuliko nguvu zake. Usingizi, chakula, usingizi, chakula. Mazungumzo ya kiroho hayakuanza mpaka baada ya siku arobaini, pangoni Horebu, na hata hapo yalianza kwa swali, tena swali lililoulizwa mara mbili, jibu la Eliya likiwa lilelile mara zote mbili: nimebaki peke yangu. Mungu alisikiliza malalamiko yaleyale mara mbili bila kumkatiza. Sijui ni wazee wangapi wa kanisa wangevumilia hivyo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa kiongozi aliyechoka naiona kuwa ya mwili, nami sioni aibu kuisema katika kitabu cha mambo ya roho. Alale. Apimwe sukari na presha, kwa sababu uchovu anaouita wa kiroho unaweza kuwa na jina hospitalini. Kama majuma yanapita na hakuna kinachomfurahisha, hali chakula, analia peke yake au anawaza kifo kama alivyowaza Eliya, huenda ana sonona, na sonona inatibika. Amwone daktari wa afya ya akili pamoja na kuombewa. Wako watumishi wanaoogopa kuonekana kwenye benchi la kliniki hiyo, wakidhani itasemwa wamerukwa na akili au wamepagawa. Nawasihi kwa moyo wote waende. Anayetaka kufa chini ya mretemu asiachwe na maombi ya simu peke yake; mtu aende akakae naye, leo hiihii.

Nirudi Beer-sheba, kwa sababu kuna kitu kidogo pale ambacho wahubiri wengi hukiruka. Kabla ya kuingia jangwani, Eliya alimwacha mtumishi wake mjini. Alikuwa na mwenza, akamwacha, akaenda peke yake. Baadaye anamwambia Mungu amebaki peke yake. Upweke wake ulikuwa wa kweli, na kwa sehemu aliutengeneza mwenyewe, kama wanavyofanya waliochoka: hawapokei simu za marafiki, wanaacha kwenda kwenye mikutano ya wachungaji, wanasema wapo salama kwa Bwana na kugeuza mazungumzo.

Ila tusimlaumu mtu kabla ya kutazama alivyowekwa. Mchungaji wa kawaida Afrika Mashariki atamweleza nani ukavu wake? Askofu au mkuu wa jimbo ndiye anayempangia kituo. Akijua amedhoofika, huenda mwakani akahamishiwa mbali. Wazee wa kanisa ndio wanaojadili posho yake. Waumini wanamtazama kama ngao yao. Wachungaji wenzake wa mjini wanahesabu nani ana watu wangapi. Mkewe, mama mchungaji, anaubeba mzigo huohuo, mara nyingi bila mshahara wala cheo kilichoandikwa, na amechoka kuliko yeye. Katika makanisa mapya, ambako mwanzilishi ndiye kila kitu, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu huko hakuna hata wa kumpelekea barua. Tumejenga huduma ambayo kila mtu ana mchungaji isipokuwa mchungaji.

Hapa ndipo watu wa Gahini, ulikowaka uamsho ule, wana la kutufundisha, na sidhani kama tumewasikiliza vya kutosha. Tunakumbuka nyimbo zao, tunaimba Tukutendereza mpaka leo katika kila kabila, lakini kazi yao kubwa ilikuwa ushirika. Walikutana kila juma, nyumbani au chini ya mti, watu wachache wanaojuana. Walisoma Neno, kisha kila mmoja alisema ukweli wa juma lake: nilimkasirikia mke wangu, nilimwonea wivu mwenzangu, nimepoa, sijaomba. Waliita huko kutembea nuruni. Mtu akisema, wenzake walimsikiliza, wakamrudisha msalabani, wakaimba, akaendelea mwingine. Hapakuwa na kiti cha heshima. Daktari, mpishi na kasisi waliitana ndugu, na ndugu yeyote aliweza kumuuliza mwenziwe anaendeleaje moyoni.

Ushirika huo haukuja bila gharama. Yosiya Kinuka alikuwa msaidizi mkuu katika hospitali ya Gahini, amejaa kinyongo na anataka kuondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Church alimtuma Kampala kwa Nsibambi. Kinuka alieleza mabaya ya hospitali. Nsibambi akamwelekeza kwenye moyo wake mwenyewe. Njiani kurudi aligeuka, akafika Gahini akiungama. Tangu hapo Church alikuwa na ndugu pale pale alipofanyia kazi, mtu ambaye angeweza kumwambia kosa lake bila kuogopa kwamba ni mweupe na ni bosi. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko zile siku mbili za Namirembe. Siku mbili zilimwamsha. Kinuka, Blasio Kigozi na wengineo ndio waliomfanya abaki macho.

Kigozi naye anastahili kutajwa kwa jambo jingine. Alikuwa mdogo wake Nsibambi, akifundisha Gahini na baadaye akapewa daraja la ushemasi. Mwaka 1935 alivunjwa moyo na ubaridi aliouona shuleni na kanisani, akaacha shughuli zake akajitenga karibu juma zima katika kibanda, peke yake na Mungu. Alitoka akiwa na moto ambao wenzake hawakuusahau. Januari 1936, kabla hajasema yaliyokuwa moyoni mwake mbele ya sinodi ya Kanisa la Uganda, alikufa kwa homa mjini Kampala. Namtaja ili nisieleweke vibaya. Kujitenga kuna nafasi yake, na Yesu mwenyewe alikuwa na desturi ya kwenda mahali pa upweke kuomba. Lakini Kigozi aliingia kibandani akiwa na ndugu wanaojua yuko wapi na kwa nini, akatoka akarudi kwao. Anayejitenga bila mtu yeyote kujua yuko hatarini zaidi ya alivyokuwa alipoanza.

Na wageni walikuja kujifunza. Roy Hession alikuwa mwinjilisti nchini Uingereza, mhubiri wa wakati wote. Pasaka ya 1947 aliandaa mkutano na kuwaalika wamisionari waliotoka Rwanda kuwa wasemaji. Alikuwa bado anahubiri, ila nguvu ya Roho ilikuwa imempotea, kama alivyoandika mwenyewe baadaye. Alikaa akiwasikiliza wageni wake, akaona ujumbe unawagusa wengine, mkewe akiwamo, ndipo naye akakubali kwamba mhitaji ni yeye aliyeitisha mkutano. Mwenyeji akawa mgonjwa wa wageni wake. Mambo aliyojifunza yakaingia katika kitabu chake cha The Calvary Road cha mwaka 1950, kilichosomwa nchi nyingi.

Sitaki kuwapamba watu wa uamsho kuliko walivyokuwa. Ushirika wao ulikuwa na maumivu yake. Kulikuwa na mahali ambapo kuungama kuligeuka kuwa kodi, kila mtu lazima atoe dhambi ya juma ili aonekane yuko hai. Kulikuwa na hukumu juu ya mavazi na mali za watu. Na Rwanda hiyohiyo, mwaka 1994, iliona makanisa yakigeuka machinjio, jambo linalotulazimisha kuuliza kama nuru iliyofika kwenye hasira za nyumbani iliruhusiwa kufika kwenye chuki ya kabila. Wako walokole waliokufa wakiwaficha majirani zao, na heshima yao haina kipimo. Swali bado lipo, na kila ushirika wa watumishi unaoanzishwa leo unapaswa kulibeba: je, tunasema yale tunayoyaogopa kweli, au tunasema yale ambayo kikundi kimezoea kuyasikia?

Kwa hiyo kiongozi aliyechoka afanye nini Jumatatu asubuhi? Atafute mtu mmoja. Asiwe bosi wake wala muumini wake, asiwe na cha kupata wala kupoteza kwa kujua hali yake. Anaweza kuwa mchungaji mstaafu, mtawa, mzee wa dhehebu jingine, daktari Mkristo, hata fundi seremala mcha Mungu wa mtaa wa pili, maana Nsibambi hakuwa kasisi. Amwambie ukweli bila kuupaka mafuta: baba, nimekauka, sijaomba kwa moyo tangu zamani, nahubiri nisichokihisi. Sentensi hiyo ni nzito kutamka. Nimewaona watu wazima, wenye majina makubwa madhabahuni, wakitoka jasho kabla ya kuifikia. Na nimewaona wakilia kwa nafuu baada ya kuitamka, hata kabla hawajajibiwa neno.

Huyo mwenza naye asikimbilie kumwombea kwa sauti ya kutoa pepo. Asikilize. Apike chai. Aulize analala saa ngapi, anakula nini, anadaiwa na nani, nyumbani kukoje. Kama kuna dhambi iliyojificha chini ya uchovu, na mara nyingine ipo, itajitokeza pale mtu anapojua hatakimbiwa. Waonane tena juma lijalo, na lijalo. Biblia isomwe, lakini kifungu kifupi, bila kutafuta pointi tatu za mahubiri. Mhubiri aliyechoka amesahau kusoma kama mtu mwenye njaa. Anasoma kama mtu anayewapikia wengine. Muda mrefu utapita kabla mstari haujamwingia bila yeye kuuwazia Jumapili.

Kazi pia lazima ipungue kweli. Musa alipokuwa akiamua kesi za watu asubuhi mpaka jioni, mkwewe Yethro alitazama siku moja tu akajua mambo hayatafika mbali, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Na hata baada ya hapo, katika Hesabu sura ya 11, Musa alilemewa tena akaomba kufa, ndipo Mungu akawatwaa wazee 70 wabebe pamoja naye. Hata Musa alihitaji kuambiwa mara mbili. Ugumu mkubwa kwetu ni wa kifedha, nao hausemwi. Pale ambapo sadaka hupungua mchungaji asipokuwepo, likizo ya mchungaji ni hasara ya usharika, na kila mtu analijua hilo kimya kimya. Baraza la wazee linalompenda mchungaji wake litaandika likizo kwenye bajeti, litalipa nauli ya mhubiri mgeni, litakubali sadaka ishuke mwezi mmoja, na litamwambia mwenye msiba kwamba mwinjilisti atakuja, na Mungu atakuja na mwinjilisti.

Asitegemee kurudi upesi. Church alitoka Kampala Septemba 1929, na Gahini haikuwaka kesho yake. Mkutano ambamo watu walianza kuungama kwa wingi ulikuwa Desemba 1933, na wimbi kubwa lilikuja katikati ya 1936. Katikati hapo kulikuwa na wagonjwa, ugomvi wa wafanyakazi, mafunzo ya Biblia yenye watu wachache, na Jumapili za kawaida kabisa. Anayetoka mafungoni akitarajia kanisa lake limebadilika atavunjika moyo mapema. Atakuta mabati bado hayajalipiwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa yupo mtu mmoja anayejua.

Eliya aliondoka Horebu na kazi tatu: kumtia mafuta Hazaeli awe mfalme wa Shamu, Yehu awe mfalme wa Israeli, na Elisha awe nabii mahali pake. Kati ya hizo tatu alikwenda kwa Elisha, akamkuta analima akamtupia vazi lake. Ya Hazaeli ilitimia mikononi mwa Elisha huko Dameski, na Yehu alitiwa mafuta na kijana ambaye Elisha alimtuma. Mungu alikuwa amempa mwenza na akamgawia mwenza huyo sehemu kubwa ya kazi. Hata hivyo, tabia ya Beer-sheba haikumtoka Eliya kwa urahisi. Siku yake ya mwisho duniani alijaribu tena kumwacha mwenziwe nyuma: Gilgali alimwambia abaki, Betheli akamwambia abaki, Yeriko akamwambia abaki. Mara tatu zote Elisha alikataa, akaenda naye mpaka ng'ambo ya Yordani. Wewe unayesoma sura hii na si mchungaji, ila unamjua mmoja anayesema yuko salama huku macho yake yanasema vingine, nenda kwake juma hili. Atakwambia urudi nyumbani, ana kazi. Usirudi.